Ubao wa theluji hauachii mguu: mambo ambayo mzazi Mkongo ugenini anapaswa kuyajua kabla ya kutia saini

Katika majimbo ya Marekani yenye milima mirefu, kama vile Idaho, Utah na Vermont, majira ya baridi ndiyo majira ya wanafunzi kupelekwa mlimani kuteleza kwenye theluji. Mtoto anarudi nyumbani na karatasi ya Kiingereza, na mzazi anaombwa kutia saini. Siku hizi Wakongo nao ni miongoni mwa wazazi hao. Katika miaka kadhaa kati ya 2016 na 2024, raia wa Kongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi waliopokelewa Marekani, wengi wao wakitoka katika kambi za nchi jirani kama Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Boise, Salt Lake City na Burlington, miji iliyo karibu na viwanja vya theluji, ni kati ya miji iliyowapokea.

Mzazi aliyekulia Uvira, Fizi au Rutshuru hakuizoea theluji. Hata wakaaji wa Beni, wanaoona weupe wa Ruwenzori asubuhi anga likiwa safi, huuona kwa mbali tu. Kwa hiyo swali la kwanza la mzazi huwa ni baridi: je, mtoto ana koti, ana glavu, ana soksi nzito? Hayo ni maswali mazuri. Lakini kuna swali lingine ambalo wengi hawalijui, nalo linahusu miguu: mtoto akianguka, nani atamfungua?

Vijana wengi huchagua moja kati ya vyombo viwili. Cha kwanza ni ski, yaani mbao mbili nyembamba, kila mguu na wake. Cha pili ni ubao wa theluji, ubao mmoja mpana unaobeba miguu yote miwili, mtu akiwa amesimama kiubavu. Kwa macho vinafanana, kwa sababu vyote vinateremka mlima. Kwa usalama vinatofautiana sana. Ski za leo zimetengenezwa ziuachie mguu mtu anapoanguka vibaya. Ubao wa theluji hauuachii. Mtu akianguka, anaanguka nao, na unabaki miguuni mpaka mkono ufungue.

Mtu wa Goma anaweza kuelewa kwa mfano wa chukudu. Kijana anayeteremsha mzigo kwenye mteremko, chukudu ikimshinda nguvu, huruka pembeni na kuiacha iende. Miguu yake ni huru. Aliye juu ya ubao wa theluji hana njia hiyo.

Kifungio ni kitu gani?

Kinachoshika mguu kwenye ubao ni kifungio. Ni bamba gumu lililokazwa juu ya ubao kwa kisahani na skrubu, mara nyingi skrubu nne kwa kila mguu. Kwa nyuma kina ukuta mfupi unaoegemea shavu la mguu. Kwa mbele kina mikanda miwili, mmoja unapita juu ya kifundo cha mguu na mwingine juu ya vidole. Mikanda hiyo ina meno ya plastiki. Inaingizwa kwenye kishikizo, kisha inakazwa kwa kuvuta mkono wa kishikizo mara kadhaa, karibu sawa na mikanda ya kukazia mizigo juu ya lori. Meno hayarudi nyuma mpaka mtu ainue kijiti kidogo cha kufungulia.

Kuna aina nyingine pia. Katika baadhi ya vifungio ukuta wa nyuma hulala chini, na mguu unaingizwa kwa nyuma. Vingine havina mikanda kabisa: buti lenyewe lina vipande vya kunasa, mtu anakanyaga na kusikia mlio wa kufunga. Kampuni ya Burton ilileta mfumo wake wa aina hiyo mwaka 2017, na umeenea. Lakini iwe mikanda, iwe kuingilia nyuma, iwe kukanyaga, jambo moja halibadiliki. Vyote hufunguliwa na mkono wa mtu, wala si nguvu ya kuanguka.

Namna ski zilivyojifunza kuachia

Zamani ski nazo hazikuachia. Mguu ulifungwa kwa kamba, ngozi au chuma, na mtu akianguka, ski ilisokota mguu kama mtu anayekamua nguo. Mifupa ya muundi ilivunjika mara kwa mara.

Mwaka 1937, Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia jimbo la Oregon na kuwa bingwa wa ski, alivunjika mguu kwenye Mlima Hood. Inasimuliwa kwamba alipozinduka kutoka usingizi wa dawa hospitalini aliomba karatasi na kalamu, akachora kifungio chenye kuachia kidole cha buti nguvu ya kusokota ikizidi. Alipata hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1939, na hiyo ikawa mojawapo ya njia zilizoleta vifungio vya leo.

Siku hizi kifungio cha ski hupimwa. Fundi wa duka huuliza uzito, urefu na umri wa mtu, hupima urefu wa soli ya buti, huuliza kama ni mwanafunzi au mzoefu, kisha huweka namba maalumu inayojulikana kama DIN. Namba hiyo ndiyo inayoamua nguvu ya kuachia. Mtu akisokotwa upande, sehemu ya mbele inaachia. Akitupwa mbele, kisigino kinaachia. Kuna hata kanuni ya kimataifa, ISO 11088, inayoeleza namna vifungio vya ski vinavyopaswa kufungwa, kurekebishwa na kukaguliwa.

Matokeo yalionekana. Watafiti wa jimbo la Vermont waliofuatilia majeruhi wa kiwanja cha Sugarbush tangu mwaka 1972 walishuhudia mivunjiko ya muundi kwa wenye ski ikipungua sana. Goti, hata hivyo, halikupata nafuu hiyo. Mpaka leo kano za goti ndizo zinazowatesa wachezaji wa ski, kwa sababu kifungio kinalinda mfupa kuliko kinavyolinda goti.

Kwa nini ubao haukufuata njia hiyo

Ubao wa theluji ulianza bila kifungio chochote. Siku ya Krismasi mwaka 1965, mjini Muskegon, jimbo la Michigan, mhandisi Sherman Poppen aliunganisha ski mbili kuwa kitu kimoja ili binti zake wachezee kwenye kilima karibu na nyumba. Kikapewa jina la Snurfer. Mtu alisimama juu yake akishika kamba iliyofungwa mbele. Akianguka, alitupwa upande wake, na ubao ukaenda upande wake.

Jake Burton Carpenter, aliyeanzisha kampuni yake huko Vermont mwaka 1977, alitaka zaidi. Aliona kwamba mguu usiofungwa hauwezi kuuamuru ubao. Mwaka 1979 alifika Michigan kwenye mashindano ya Snurfer akiwa na ubao wenye vifungio. Wapenzi wa mchezo wa zamani wakalalamika, na ikabidi kitengwe kitengo cha peke yake. Alishinda, maana katika kitengo hicho alikuwa peke yake. Hivyo, mojawapo ya mabishano ya kwanza kabisa ya mchezo huu lilihusu swali lile lile: mguu ufungwe au usifungwe?

Mguu ulifungwa, na mchezo ukakua. Kwa miaka mingi viwanja vingi vya ski vilikataa kuwapokea wenye ubao. Baadaye milango ikafunguka, na mwaka 1998 ubao wa theluji ukaingia kwenye Michezo ya Olimpiki huko Nagano, Japani. Kifungio chenye kujiachia hakikuja. Walikuwepo waliojaribu kukitengeneza, lakini hakikuenea, na sababu yake si uzembe wa viwanda. Ni hesabu ya nguvu.

Mwenye ski ana miguu miwili kwenye mbao mbili. Ski moja ikinasa, mguu mmoja unabaki nyuma huku mwili ukiendelea mbele. Goti na muundi wa mguu huo mmoja unabeba kila kitu. Mwenye ubao, miguu yake miwili imefungwa pamoja. Haiwezi kutawanyika, na nguvu ya kuanguka inagawanyika kwenye miguu yote. Ndiyo maana goti lake huumia mara chache kuliko la mwenye ski.

Sasa wazia kifungio kimoja kikijiachia na kingine kikabaki. Ubao wenye urefu wa karibu mita moja na nusu unageuka kuwa mtaimbo ulioshikizwa kwenye mguu mmoja, nao unaupinda mguu huo kila unapogonga theluji. Ili kujiachia kuwe salama, vifungio vyote viwili vingelazimika kuachia kwa wakati mmoja, kila mara, kwenye barafu na kwenye theluji laini. Tena visiachie kamwe mtu akiwa katikati ya mwendo wa kasi bila kuanguka. Ni sharti gumu, na viwanda vimechagua kushika mguu moja kwa moja.

Majeraha hayakuisha, yalihama

Kwa kuwa miguu imefungwa, mwenye ubao anayeanguka hutanguliza mikono. Ndiyo sababu kifundo cha mkono ndicho kinachoumia zaidi, hasa kwa wanaoanza. Vilinda-mkono, vile vyenye bamba gumu ndani, vimeonyeshwa na tafiti kwamba vinapunguza mivunjiko hiyo. Kofia ngumu hulinda kichwa, maana ubao ukinasa ukingo wake kwenye theluji, mtu hupigizwa chini ghafla, mara nyingi kisogo kikitangulia.

Kuna jeraha jingine ambalo mzazi anapaswa kulijua, kwa sababu hata hospitalini linaweza kupita bila kuonekana. Ni mvunjiko wa mfupa mdogo upande wa nje wa kifundo cha mguu, unaotokea hasa kwa wenye ubao kiasi kwamba madaktari wa Kiingereza wameupa jina la mchezo huo. Dalili zake ni kama za mguu ulioteguka tu: uvimbe, maumivu upande wa nje, kuchechemea. Picha ya kawaida ya eksirei huweza kuukosa. Mtoto akirudi na maumivu ya namna hiyo yasiyopungua, mzazi amwambie daktari waziwazi kwamba mtoto aliumia akiwa kwenye ubao wa theluji. Neno hilo moja linaweza kumfanya daktari atafute zaidi kwa picha ya skana.

Kwenye kiti cha waya

Hatari ya kila siku huanzia chini ya mlima, kabla hata mtu hajateleza. Kupanda juu hutumika viti vinavyoning'inia kwenye waya. Mwenye ubao hufungua mguu wa nyuma na kuacha wa mbele umefungwa. Anajisukuma kwa mguu huru, anaketi, na ubao unaning'inia kwenye mguu mmoja njia yote. Akifika juu anashuka huku ubao ukiteleza na mguu wa nyuma ukiwa umekanyaga tu, haujafungwa.

Hapo ndipo ule mtaimbo uliotajwa unapopata nafasi. Mguu mmoja umefungwa, mwingine haujafungwa, na mtu akianguka akishuka kwenye kiti, goti la mbele linaweza kusokotwa. Wakufunzi huwafundisha wanafunzi kuweka ubao ukielekea mbele sawasawa, kusimama taratibu, na kutoka haraka kwenye njia ya wanaofuata. Mtoto asipande kiti kabla hajazoea kuteleza na mguu mmoja kwenye sehemu tambarare.

Mtu anapofungua miguu yote miwili mlimani, hatari inageuka upande. Ski zina breki ndogo za chuma zinazoshuka zenyewe buti likitoka. Ubao hauna. Ukiachwa juu ya theluji chini yake kukiwa laini, unakimbia peke yake na unaweza kumvunja mtu aliye chini. Kanuni za uwajibikaji za shirikisho la viwanja vya ski vya Marekani zinamtaka kila mtu azuie vifaa vyake visikimbie. Kwa hiyo baadhi ya viwanja hudai kamba fupi inayounganisha ubao na mguu. Na mwenye ubao hufundishwa kuugeuza, vifungio vikiwa chini, kila anapouweka.

Hatari kubwa iko kwenye miti

Kwenye njia zilizosawazishwa na mashine, kutojiachia kwa ubao ni usumbufu tu: mtu anaketi, anainama, anafungua. Mambo yanabadilika theluji inapokuwa nene na laini, hasa wakati wa dhoruba kubwa au siku chache baada yake.

Miti ya mlimani yenye majani ya sindano, kama misonobari, hubakiza matawi yake ya chini mwaka mzima. Matawi hayo huizuia theluji isijaze sehemu inayozunguka shina. Nje mtu anaona theluji sawasawa. Chini ya matawi kuna shimo lenye theluji iliyolegea na hewa. Anayepita karibu sana huteleza na kutumbukia, na mara nyingi kichwa ndicho kinachotangulia. Theluji ya kwenye matawi inamwagika juu yake.

Mwenye ski huenda ski zikaachia akaweza kugeuka. Mwenye ubao ananing'inia kichwa chini, miguu juu, na ubao umekwama kwenye matawi au kwenye theluji. Vifungio viko juu ya kichwa chake, umbali wa urefu wa mwili wake. Ili kuvifikia lazima akunje mwili kuelekea juu, ndani ya theluji inayombana, akiwa na glavu. Na kila anapojitikisa kwa nguvu, theluji zaidi inashuka na kushikamana.

Majaribio mawili yaliyofanywa Marekani na Kanada yaliwaweka watu wa kujitolea ndani ya mashimo ya namna hiyo, waokoaji wakiwa karibu. Asilimia 90 hawakuweza kujitoa wenyewe. Hao walijua wanaingia, na walijua kuna mtu wa kuwavuta. Anayetumbukia peke yake msituni hana uhakika huo. Kinachoua huko ni kukosa hewa, hata kama hakuna mfupa uliovunjika.

Muda ni mfupi. Utafiti wa Uswisi uliochapishwa mwaka 1994 kuhusu watu waliofukiwa na maporomoko ya theluji ulionyesha kwamba wengi, zaidi ya 9 kati ya 10, huishi wakitolewa ndani ya dakika 15, lakini baada ya dakika 35 wanaobaki hai ni kama 3 tu kati ya 10. Wakufunzi wa usalama huhesabu theluji nene ya msituni kwa saa hiyo hiyo: dakika, si nusu ya siku. Waokoaji wanaoitwa kutoka chini ya mlima wanaweza kuchelewa. Anayeokoa kwa kweli ni yule aliye karibu.

Mwenzako ndiye kifungio chako

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ya theluji nene ni kutokwenda peke yako. Kuwa na rafiki anayengoja chini kwenye mkahawa hakusaidii. Mwenzako lazima akuone, au angalau akusikie, njia nzima. Akishatangulia mpaka chini, kupanda tena kwa miguu kwenye theluji laini kunaweza kuchukua muda ambao aliyetumbukia hana. Filimbi ya bei ndogo iliyofungwa kwenye koti husikika kuliko sauti ya mtu aliyezibwa na theluji.

Anayeona anateleza kuelekea shina la mti ashike tawi au shina kwa nguvu zote, na afanye kila awezalo ili kichwa kibaki juu. Akishatumbukia, kazi ya kwanza ni pumzi. Mikono ipelekwe usoni mara moja ili kutengeneza nafasi ya hewa mbele ya mdomo na pua. Baadaye mwili uyumbishwe polepole ili kuongeza nafasi, bila kupigana na theluji. Kama mkono unafikia simu, namba ya dharura ya kiwanja huwa imeandikwa kwenye ramani au tiketi. Inafaa iwekwe ndani ya simu kabla ya kupanda. Marekani na Kanada namba ya jumla ni 911, na Ulaya ni 112.

Anayeokoa asimvute mwenzake kwa miguu au kwa ubao kumrudisha alikopitia. Akadirie kichwa kiko wapi, kisha achimbe kutoka ubavuni kuelekea usoni, akiangalia asiangushe theluji zaidi ndani ya shimo. Akifikia uso, asafishe mdomo na pua kwanza. Vifungio vinafunguliwa baadaye, aliye ndani akiwa tayari anapumua.

Nje ya mipaka ya kiwanja, ambako hakuna anayelinda mteremko dhidi ya maporomoko, hatari hiyo inaongezeka. Poromoko likimkumba mtu, ubao uliofungwa unavutwa na theluji kama nanga. Anayekwenda huko huhitaji mafunzo, kifaa cha mawimbi ya redio cha kumtafuta aliyefukiwa, beleshi na fimbo ndefu ya kupimia, na kila mmoja kwenye kundi awe na vyake. Kwa mtoto wa shule jibu ni fupi zaidi: asivuke mipaka.

Ukaguzi wa dakika tano

Kifungio kisichojiachia kina kazi mbili. Kishike vizuri mtu anapotaka, na kifunguke haraka mtu anapotaka. Kazi zote mbili huweza kushindikana, hasa kwa vifaa vya kukodi vilivyopita kwenye miguu ya watu wengi.

Skrubu hulegea kwa mtikisiko. Kabla ya kupanda, mtu ashike kifungio kwa mikono miwili na kukitikisa. Kikicheza juu ya ubao, kirudishwe kwa fundi akikaze kwa bisibisi. Kikichomoka katikati ya mwendo mguu mmoja tu ndio unabaki kwenye ubao, na matokeo yake yameshaelezwa. Meno ya mikanda yakaguliwe: yaliyolika huteleza. Barafu na theluji ziondolewe kwenye vishikizo, maana zikiganda hazifungi wala hazifungui. Kwenye mifumo ya kukanyaga, theluji chini ya buti inaweza kuzuia kipande kimoja kisinase, na mtu akaondoka akidhani amefunga. Mifumo hiyo pia inahitaji buti zake maalumu.

Buti na kifungio viwe vya kipimo kinacholingana. Mtoto akisimama na kuinama mbele, kisigino kisiinuke ndani ya buti. Kikiinuka, mikanda itakazwa kupita kiasi ili kufidia, vidole vitakufa ganzi, na kufungua kutakuwa kugumu.

Kisha lipo zoezi moja lisilogharimu kitu, nalo linafaa kufanywa nyumbani kwenye zulia au chini ya mlima kabla ya kiti cha kwanza. Mtoto afungwe miguu yote miwili, avae glavu zake, alale chali, kisha afungue vifungio vyote. Arudie kwa mkono mmoja. Arudie akiwa amefumba macho. Arudie amelala kifudifudi. Watoto wengi wana vidole vidogo visivyoweza kuinua kijiti cha kufungulia kupitia glavu nene. Ni afadhali mzazi aligundue hilo sebuleni. Kama mtoto hawezi, aombewe kifungio kingine, au aanze na ski, au abaki na mkufunzi kwenye mteremko wa wanaoanza mpaka aweze.

Maswali kabla ya saini

Mchezo wenyewe si adui. Katika miji ambako baridi hudumu miezi mingi, mlima ni mahali ambapo mtoto mgeni hupata marafiki, na programu za bei nafuu kwa wanafunzi wa Utah na Vermont zimefungua milango iliyokuwa ya wenye fedha. Jamaa waliobaki Bukavu au Goma wanaopokea picha hizo kwenye WhatsApp wana haki ya kufurahi nao.

Lakini karatasi ile ya Kiingereza, ambayo mara nyingi humtaka mzazi akubali hatari zote, haimkatazi kuuliza. Anaweza kumuuliza mwalimu, kwa mkalimani ikibidi: Mtoto atatumia ski au ubao? Nani atakagua vifungio na buti asubuhi hiyo? Atakuwa na mkufunzi, au ataachwa na wenzake? Watabaki kwenye njia zilizosawazishwa, au wataingia kwenye miti? Ameonyeshwa namna ya kujifungua? Ni nani atakayekuwa anamwona akianguka?

Shule au kiwanja chenye utaratibu hujibu maswali hayo bila kuona taabu. Likikosa jibu swali la mwisho, saini inaweza kungoja.